Askari Tuliowazika Kando ya Mpunga

Ombasha aliyemchukua mume wangu ndiye huyo huyo aliyekuja baadaye kulala nyumbani kwetu. Naanzia hapo kwa makusudi. Wajukuu zangu wakisikia kwamba mimi na mama yangu tuliwazika askari wa Mjerumani kwa mikono yetu, hudhani tulikuwa tunawapenda. Hatukuwapenda hata kidogo.

Kuandika nimejifunza uzeeni, kwenye darasa la watu wazima. Mwalimu wetu alitaka kila mmoja aandike jambo alilolishuhudia mwenyewe. Wenzangu waliandika habari za harusi na za mafuriko. Mimi niliandika mistari miwili juu ya Krismasi ile, nikaona siwezi, nikaenda zangu kupepeta mchele. Sasa najaribu tena.

Kijiji chetu kilikuwa chini kabisa ya milima ya Uluguru, upande wa kusini, pale Mgeta unapoyaacha mawe na kuanza kutembea polepole kwenye nyika. Bondeni tulilima mpunga, juu kidogo mihogo na mtama. Mwaka ule wa vita kuu ya kwanza, Wajerumani walipokimbia Waingereza kutoka Morogoro, walipita kwetu siku nyingi mfululizo. Walipita askari, walipita wake za askari na vyungu vichwani, wakapita Wazungu wagonjwa waliobebwa kwenye machela, na mizinga iliyovutwa na watu kwa kamba kama magogo. Nyuma yao wakaja wa kukusanya wapagazi.

Mume wangu alikuwa juu ya paa akiezeka. Tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tuoane, na nyumba ile aliijenga uani kwa mama yangu kama ilivyo desturi ya kwetu, mwanamume kuja kukaa upande wa mkewe. Askari wakaingia uani. Aliyewaongoza alikuwa mtu wa makamo, mpana wa mabega, meno mawili ya chini hana. Hatukujua vyeo vyao, ila tulisikia wenzake wakimwita ombasha, ambaye siku hizi mngemwita koplo.

Ombasha akatazama juu, akasema, "Shuka."

"Nimalizie upande huu, bwana," mume wangu akajibu. "Mvua inakuja."

"Shuka. Mvua itakukuta njiani."

Walimfunga shingoni kwa kamba moja na wenzake wa kijiji, karibu wanaume wote waliokuwa na nguvu. Nilikimbia jikoni nikachukua mihogo ya kuchemsha, nikaifunga kwenye jani la mgomba, nikawafuata mpaka mtoni. Ombasha aliipokea yeye, akampa mume wangu mkononi. Nikamuuliza, "Atarudi lini?"

"Mzigo ukifika," akasema.

Hakusema ufike wapi. Mimi na mama tulimalizia kuezeka wenyewe, vibaya, na nusu ile tuliyoezeka sisi ilivuja kila mvua iliponyesha.

Mvua za vuli zilipoanza kunyesha, vita vilirudi vikasimama mtoni. Ng'ambo alikuwa Mwingereza, huku kwetu Mjerumani. Morogoro mjini tulisikia kuna bendera nyingine, lakini sisi bado tulikuwa wa Mjerumani, na Mjerumani bado alikuwa anakula vyakula vyetu. Askari wachache waliletwa kulinda kivuko, pamoja na Mzungu mmoja kijana aliyekuwa akitetemeka kwa homa karibu kila siku. Walichimba mahandaki katikati ya mpunga wetu uliokuwa ndiyo kwanza umeota. Mzungu akapiga hema lake chini ya mlima mdogo. Askari wakagawiwa nyumba, na kwetu akaja yule ombasha na mkewe.

Nilimtambua kabla hajainama mlangoni. Yeye hakunitambua. Alilala chini ya paa la mume wangu, upande usiovuja, na asubuhi akaamka akajinyoosha na kumshukuru Mungu kwa usingizi mzuri.

Mama yangu alikuwa mtu mkali. Yule mke wa ombasha alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye mafiga yetu, akatua chungu chake. Mama akakiondoa, akakiweka chini. Yule mwanamke akakirudisha. Mama akakiondoa tena. Mimi nilisimama na mwiko mkononi nikisubiri wapigane. Yule mwanamke alikuwa mnene, mrefu kuliko mama, na miguu yake imepasuka kwa kutembea. Akatazama chungu chake pale chini, kisha akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Nimeingia kwako bila salamu. Nisamehe."

Mama akachukua jembe lake, akasema, "Marahaba," akaenda zake shambani. Chungu kikapikwa.

Alikuwa mtu wa Unyanyembe, karibu na Tabora. Alikuwa ameolewa na ombasha tangu usichana, akamfuata boma kwa boma, na kila boma alilolitaja lilikuwa na kaburi la mtoto wake. Hakuwa akilia anaposimulia. Alisimulia huku akichambua mboga, kama anayetaja masoko aliyowahi kupita. Baada ya siku kadhaa nilimwambia habari ya mume wangu. Aliacha kuchambua.

"Nitamuuliza," akasema.

Kesho yake nilimngoja kisimani. Alijaza mtungi wake, nikamsaidia kujitwika, ndipo akaniambia, "Nimemuuliza. Anasema hakumbuki."

"Na wewe umewaona wapagazi huko mbele. Wanarudi?"

"Dada yangu, usiniulize hilo."

Nikaelewa. Lakini kuelewa ni jambo moja, na usiku ule bado nilimtengea mume wangu mahali pa kulala.

Kati ya askari wale alikuwepo kijana mmoja wa kwetu, Mluguru, mtu wa Mkuyuni. Tulimjua siku mama alipokuwa akiwatukana askari kwa Kiluguru kwa sababu ya mpunga wake, akidhani hakuna anayesikia. Kijana yule akacheka, akamjibu kwa Kiluguru hicho hicho, kwa lafudhi ya milimani. Mama aliona haya mpaka akajifunika kanga usoni. Tangu siku hiyo alikuwa akimfichia chakula, ndizi au kipande cha muhogo wa kuchoma, na yeye akawa anamtekea maji na kumpasulia kuni. Mama, ambaye hakuzaa mtoto wa kiume, alikuwa akimsema kama wanavyosemwa watoto wa kiume: hujaoga, hujala, mbona unakohoa.

Alichukuliwa sokoni Mkuyuni mwaka uliotangulia, na aliyemchukua ni ombasha yule yule. Alikwenda kuuza tumbaku ya mama yake akarudi ana bunduki, ndivyo alivyokuwa akisema, kwa mzaha. Asubuhi ambazo mawingu yalifunguka alikuwa akituonyesha mlima: pale kwenye bega lile, nyuma yake kuna mteremko, chini ya mteremko kuna nyumba ya mama.

"Kimbia basi," mama alimwambia siku moja. Tulikuwa tunapalilia, naye amesimama ukingoni mwa shamba na bunduki yake. "Ukivuka mto usiku, kesho kutwa uko kwenu."

"Ng'ambo watanipiga kwa sababu ya nguo hizi."

"Vua nguo."

Akacheka. Kisha akasema bila kucheka, "Aliyekimbia kabla yangu walikwenda kwao wakamchukua baba yake mdogo. Kwetu wamebaki mama na wajomba wawili. Nikikimbia, watakwenda kuwafuata hao."

"Mkuyuni sasa iko kwa Mwingereza," mama akasema. "Watawachukuaje?"

Kijana akafikiri. Nilimwona anafikiri. "Wakirudi je?" akauliza. "Mjerumani akishinda, akarudi?"

Mama akainama, akaendelea kupalilia.

Krismasi ilipokaribia, Mzungu yule mgonjwa alipata nguvu kidogo. Alimwagiza kijana wa Mkuyuni akakate mti mchanga, wa majani membamba, akauchomeke mbele ya hema. Nta ya mishumaa aliitaka kwa mjomba wangu, kaka yake mama, mkubwa wa lukolo letu, yaani ukoo wetu wa upande wa mama. Mjomba alitoa nta bila kupenda. Sisi wanawake tuliamriwa tupike pombe ya mtama, na mtama wenyewe ulikuwa wa kuhesabu punje. Askari wakapiga kiboko mtoni, wakagawana nyama, nasi tukapewa mafuta. Ombasha hakula. Alisema mnyama hakuchinjwa kwa jina la Mungu, akala ugali wake na chumvi. Mkewe naye hakula, ingawa nilimwona anavyoyatazama yale mafuta yakichuruzika.

Jioni ya sikukuu yao askari walipangwa mstari mbele ya ule mti wenye mishumaa. Mzungu akaimba peke yake. Sauti ilikuwa inakatika kwa homa, anapumzika, anaendelea. Sisi tulitazama kutoka uani. Askari walisimama wima, kimya, mvua ikiwanyeshea manyunyu, na mishumaa ikazimika mmoja baada ya mwingine. Mama akasema, "Huyu mtoto anaumwa. Kwa nini hawampeleki kwao?" Nilidhani anamsema kijana wa Mkuyuni, kumbe anamsema Mzungu.

Asubuhi ya pili baada ya sikukuu kulikuwa na ukungu mtoni. Kijana wa Mkuyuni alikuwa ameshuka na ndoo kuchota maji ya Mzungu. Baadhi ya askari walikuwa wanafua. Mimi nilikuwa nawasha moto. Niliposikia mlio wa kwanza nilidhani ni mtu anayepasua kuni. Mke wa ombasha hakudhani hivyo. Alinikamata shingoni akanilaza chini, akamburuta mama kwa mguu kutoka mlangoni, akatulalia sote wawili kwa uzito wake wote.

Askari wa ng'ambo walikuwa wamevuka mto juu zaidi, mahali penye mawe na maji ya kasi ambapo hakuna aliyedhani mtu angepita. Walikuja kwa nyuma. Walikuwa na ile bunduki inayotema risasi mfululizo, tuliyokuwa tukiiita bombomu, na walipoifungulia, majani ya migomba yalianguka uani kama yaliyofyekwa. Nasikia watu husimulia vita virefu. Vile vya kwetu havikuchukua hata muda wa kuivisha maharage. Palikuwa na kelele, kisha mtu mmoja akapiga ukelele mrefu, kisha naye akanyamaza.

Waliokuja nao walikuwa weusi kama sisi. Hilo ndilo lililotushangaza tulipoinuka. Askari wa Mwingereza, wenye kaputula, wanasemezana kwa lugha ambayo hatujawahi kuisikia. Walimtoa Mzungu hemani amevaa fulana tu, wakampa blanketi. Mmoja aliyejua Kiswahili kidogo alimuuliza mama, "Wengine wapi?" Mama akanyoosha kidole kuelekea bondeni. Waliokuwa hai walikuwa wamekimbilia kusini, na waliokuwa bondeni hawakuwa wa kukimbia tena. Wakakusanya bunduki, wakachoma hema, wakamchukua Mzungu, wakavuka mto kurudi kwao kabla jua halijapanda. Wafu wakatuachia sisi.

Ombasha alikuwa amejikokota mpaka nyuma ya nyumba. Risasi ilimpata tumboni. Mimi na mkewe tulimbeba, yeye mabega, mimi miguu, tukamlaza ndani kwenye kitanda changu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Alikuwa na akili zake zote. Aliomba maji, mkewe akamlowesha midomo tu. Kisha yule mwanamke akanitazama.

"Muulize sasa," akasema. "Muulize mwenyewe."

Sikutaka. Mtu anakufa. Lakini nilijua hakutakuwa na siku nyingine. Nikachuchumaa karibu na kichwa chake, nikamwambia, "Bwana, ulimchukua mume wangu kijiji hiki hiki, wakati mnatoka Morogoro. Alifika wapi?"

Akageuza macho. "Yupi?"

"Aliyekuwa juu ya paa," mkewe akasema. "Alikuwa akiezeka nyumba hii uliyolala."

Ombasha akalitazama paa. Alilitazama muda mrefu, nikaona kweli anajaribu. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Wengi walikuwa wakiezeka," akasema. "Yalikuwa majira ya kuezeka."

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya ningepata pa kuegemeza chuki yangu. Alikufa alasiri, mkono wake ukiwa kwenye paja la mkewe.

Kijana wa Mkuyuni tulimkuta majini, kwenye kina kifupi, amelala kifudifudi, ndoo imekwama kwenye matete. Mama ndiye aliyemtoa. Alimshika kwapani akarudi kinyumenyume, anaanguka, anainuka, na hakutaka nimsaidie. Alimlaza nyasini akamfuta matope usoni kwa kanga yake. Halafu akaanza kumgombeza kwa Kiluguru. Nilikuambia uvue nguo. Nilikuambia au sikukuambia?

Mjomba alikuja akasimama juu yetu. Alisema watu hawa hawana ukoo hapa, hawawezi kulala na mababu zetu, ardhi ya lukolo si ya kuzika wageni. Alisema mto uko pale.

"Na maji tutakunywa wapi?" mama akamuuliza.

"Mamba watawamaliza."

Mama akasimama. Hakuwahi kumpandishia kaka yake sauti mbele za watu. "Huyu mmoja ni wa kwetu. Na hao wengine wote wana mama zao. Wewe nenda kakae. Jembe niachie."

Kijiji hakikuwa na wanaume. Alikuwapo mjomba, mzee mmoja kipofu, na kiwete mmoja aliyekuwa akitusomea dua. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi, hata kulisogelea ni aibu. Tulichimba. Bondeni maji yalikuwa yakijaa kila shimo, tukapata ukanda mwembamba tu ulio mkavu, kando ya mpunga. Wanawake wote waliobaki walikuja na majembe yao ya palizi. Yule kiwete aliwaosha wawili watatu aliowaweza, akachoka. Waliobaki tuliwamwagia maji tu wakiwa na nguo zao. Mke wa ombasha alimwosha mumewe yeye mwenyewe, polepole, kila kidole, kana kwamba hakuna kazi nyingine ulimwenguni. Sanda hazikuwepo. Tuliwafunga kwenye blanketi zao na majani ya migomba.

Jua lilipoanza kushuka tulisikia fisi. Mikono yetu ilikuwa imechubuka, na ardhi kavu imekwisha. Ndipo tukaanza kuwalaza wawili wawili. Kaburi la mwisho walilazwa ombasha na kijana wa Mkuyuni. Hakuna aliyepanga. Ndio waliokuwa wamebaki, kwa sababu mkewe hakuwa amemaliza kuosha na mama hakuwa amekubali kumwachia yule kijana.

Wiki hiyo hiyo vita vilituvuka, vikaelekea Rufiji, havikurudi. Mke wa ombasha hakuwa na pa kwenda, akabaki kwetu. Mwezi ulipopita mama alianza kusema kila asubuhi, "Kuna mwanamke Mkuyuni hajui." Yeye miguu yake haikuweza mlima. Basi nikaenda mimi, na mke wa ombasha akasema atanisindikiza. Nilimkataza. Akajifunga kanga, akatangulia njia.

Tulipanda kupitia Matombo. Mashamba yalikuwa yameota nyasi, njia inanuka mizoga ya farasi wa Waingereza. Tulipofika Mkuyuni hatukupata shida, kila mtu alimjua mwanamke ambaye mwanawe alichukuliwa sokoni. Tulimkuta anaanika tumbaku. Alikuwa mdogo kwa umbo, na macho ya mwanawe. Tulisalimia, akatukaribisha, akatupa maji. Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yote yalitoweka, nikasema tu, "Mama, kijana wako amekufa, tumemzika sisi."

Aliendelea kutandaza majani ya tumbaku mpaka ungo ukaisha.

"Mmemzika wapi?"

"Mgeta. Kando ya shamba letu."

"Peke yake?"

Mke wa ombasha akasema, "Na mume wangu."

Yule mama akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, yale mavazi ya watu wa bara, ile shanga ya puani. Akauliza, "Mumeo hana meno ya chini?"

"Hana."

Aliingia ndani akafunga mlango. Tulikaa pale uani mpaka jua likapinda. Hakutoka. Jirani alikuja akatwambia twende kwake tukalale, na asubuhi tukateremka bila kumuona tena. Mke wa ombasha alitangulia mpaka tulipoona mto. Hapo akasema, "Ana haki," basi.

Baada ya mavuno, siku moja nilikuwa napura mpunga, nikaona watu watatu wanakuja kwenye tuta. Alikuwa yule mama wa Mkuyuni na kaka zake wawili, wamebeba majembe na tenga jipya. Aliamkiana na mama yangu wakakumbatiana bila kujuana, wakalia pamoja. Kisha akasema alilokuja nalo. Anataka mwanawe. Hatamwacha alale na mtu yule.

Kiwete wetu alipinga, akasema maiti haifukuliwi, ni dhambi. Yule mama akamjibu kwamba dhambi yake ataibeba yeye, pamoja na tenga. Mjomba safari hii hakupinga. Nadhani aliona mtu wa kuzikwa kwenye ardhi ya ukoo wake anakwenda kuzikwa kwenye ardhi ya ukoo wake, na hilo alilielewa.

Wajomba wa kijana ndio waliofukua. Maji ya masika yalikuwa yameingia, yakavunja kila tulichokipanga. Blanketi zilikuwa zimeoza zikashikamana, mifupa imelala juu ya mifupa. Mmoja wa wajomba akageuka akatapika. Mwingine akasema, "Dada, hapa hatutajua. Tufukie."

Yule mama alibaki amesimama na tenga lake mkononi. Ndipo mke wa ombasha akashuka shimoni. Hakumuomba mtu ruhusa. Alipiga magoti kwenye matope, akaanza kuokota mmoja mmoja. Mumewe alikuwa mtu mzito, mifupa yake mipana. Kijana alikuwa mwembamba. Aliupata kwanza utaya usio na meno mawili, akauweka kando yake, akaufunika kwa ncha ya kanga. Kisha kila alichokiona chembamba alikipangusa na kumnyooshea yule mama juu.

"Huyu ni wako," alikuwa akisema. "Shika. Huyu ni wako."

Mwanzo yule mama alipokea bila kumtazama. Halafu ulipofika mfupa mmoja wa mkono, hakuwa na hakika, akasita, akauliza kwa sauti ndogo, "Una hakika?" Mke wa ombasha akaupima kwenye mkono wake mwenyewe, akautazama, akasema, "Sina. Shuka tuangalie." Yule mama akashuka. Wakawa wawili shimoni, wamepiga magoti uso kwa uso, wanapokezana, wanapima, wanarudishiana. Hatukusogea. Kuna vifupa vidogo vya vidole ambavyo hawakuweza kuviamua, wakagawana.

Walipomaliza, mke wa ombasha alimpanga mumewe upya, peke yake, akataka jembe akafukia mwenyewe. Yule mama wa Mkuyuni alimsubiri mpaka alipomaliza. Hawakupeana mkono, maana mikono yao ilikuwa na matope. Alimwambia, "Kaa salama," naye akajibu, "Nenda salama."

Kaka zake walitaka kumpokea tenga, akakataa, akajitwika. Nilisimama kwenye tuta nikamtazama hadi alipopotelea kwenye mtama. Nilimwonea wivu. Najua ni neno baya kulisema juu ya mama aliyejitwika mifupa ya mwanawe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu hakurudi, wala sikuwahi kukutana na mtu aliyemwona amekufa. Wazee wakanikalisha eda kwa kukisia tu, baadaye wakaniozesha kwingine, nikazaa.

Mke wa ombasha alikaa nasi mpaka treni zilipoanza tena kwenda bara. Tulimsindikiza hadi stesheni ya Morogoro. Hatukusikia habari zake tena, na homa kubwa iliyokuja baada ya vita iliua watu wengi huko Tabora, kwa hiyo sijui.

Wajukuu wangu walio mjini wamenionyesha makaburi ya wanajeshi, mawe yamepangwa sawasawa, majani yamekatwa. Pazuri. Kwetu tulikuwa tukipalilia ule ukanda kila inapokaribia Krismasi, mama na mimi, na mama alipokufa nikaendelea peke yangu. Watu wa kanisani wakipita kwenda kuimba walidhani naandaa bustani. Miaka hii miguu yangu nayo imegoma. Mwaka jana nilimtuma mjukuu akapatazame. Alirudi akaniambia kuna mtu amelima bamia pale, zimestawi sana, je, akamzuie? Nikamwambia amwache alime, ila amwambie asichimbe chini sana.